Lodi ya kielektroniki: uiendeshe kwa USB au kwa zile terminali za nyuma?

Fundi mmoja wa solar yuko Morogoro kaniandikia kuhusu lodi ya kielektroniki, kile kifaa kinachokula umeme wa betri kwa kiasi unachokiamuru, nafupisha maneno yake: "Mkuu nimepata lodi ya kielektroniki used, wati 300, volti 120, ampea 30. Napima nayo betri za wateja za ampea-saa 100 lakini nimechoka kukesha naandika volti kwenye daftari. Nyuma ina tundu la pini tisa, tundu la USB, na terminali ndogo za kijani zimeandikwa EXT PROG, I MON na SENSE. Nataka niiendeshe kwa laptopu. Rafiki yangu ananiambia niweke Arduino (kale kabodi kadogo ka kuprogramu) kwenye EXT PROG ndo rahisi. Nifuate ipi?"

Mkuu salama. Jibu fupi ni hili: tumia USB, zile terminali za kijani ziache kwa sasa isipokuwa SENSE ya kusomea volti za betri na I MON ya kuangalizia mkondo, na kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu hakikisha lodi yenyewe inajua pa kusimama bila kusubiri kuambiwa na kompyuta. Hilo la mwisho ndo lenye uzito, mengine ni waya tu. Jibu refu linafuata, weka chai pembeni.

Ndani ya hiyo lodi hamna maajabu. Kuna mosifeti kubwa kadhaa, yaani transista za kupitishia mkondo, zimefungwa kwenye hitisinki ya kupoozea na feni, kuna rezista ndogo sana ya kupimia mkondo ambayo tunaiita shanti, na kuna opampu inayolinganisha mkondo unaopita kwenye shanti na volti ndogo inayosema "nataka kiasi hiki". Mkondo ukipungua opampu inafungua mosifeti zaidi, ukizidi inabana, kama mtu kashika koki huku jicho liko kwenye ndoo. Sasa ile volti ndogo ya kuamuru inatoka wapi, ndo swali lako lote hilo. Ukizungusha kitasa cha mbele, kichakataji cha ndani ndo kinaitengeneza. Ukituma amri kwa USB ni kichakataji kilekile, umemwambia kwa maandishi badala ya kitasa. Ila ukitumia EXT PROG unaleta volti yako mwenyewe kutoka nje, yaani humtumi tena karani, kile kichakataji, umeishika koki kwa mkono wako. Karani ni mzito kidogo ila anaandika, anakumbuka, na anakukatalia ukiomba upuuzi. Koki haikatai kitu.

Tuanze na lile tundu la pini tisa kwa sababu ndo linaloua vifaa. Watu wakiona pini tisa wanajua ni RS-232, ile njia ya zamani ya siriali ya kompyuta, wanachukua kebo wanachomeka. Kuna lodi, mfano zile BK Precision 8500 na ndugu zake wa ITECH, zina tundu la pini tisa lenye umbo lilelile kabisa lakini ndani ni TTL, yaani volti 0 mpaka 5, wakati RS-232 halisi inabembea kwenda juu na chini ya sifuri, inaweza kufika volti 12 chanya na 12 hasi. Ukiipigia TTL volti hasi 12 unaijua mwenyewe nini kinafuata. Zile zinataka adapta yake maalumu yenye optokapla ndani (inapitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana), na hata hiyo adapta inakula umeme kutoka kwenye pini za ishara za DTR na RTS za kompyuta, kwa hiyo kama programu yako haijaziwasha hizo pini utakaa siku nzima unatuma amri na lodi inakuangalia tu. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote hapo, soma kitabu cha modeli yako, usiangalie umbo la tundu. Wewe una USB, basi achana nalo kabisa. Na kama ingekuwa na lile tundu refu la pini 24, hiyo inaitwa GPIB, imetoka Hewlett-Packard miaka ya 60 mwishoni na ikawa kiwango rasmi IEEE 488 mwaka 1975, nzuri sana ila kadi yake ya kompyuta bei yake inaweza kukununulia betri mpya ya mteja.

USB nayo ina sura mbili na lazima ujue yako ni ipi. Sura ya kwanza ni siriali iliyojificha, ukichomeka inatokea kama COM3 au COM5 kwenye Windows, kwenye Linux inatokea kama /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyACM0. Sura ya pili inaitwa USBTMC, hii ni ya vifaa vya vipimo hasa, kwenye Linux inatokea /dev/usbtmc0 na kwenye Windows huioni kwenye orodha ya COM, unahitaji programu ya VISA, ya kuongelea na vifaa vya vipimo. Watu wengi wanadhani lodi mbovu kumbe ni USBTMC na wao wanatafuta COM. Ukitumia Python, maktaba ya pyserial inatosha kwa sura ya kwanza, pyvisa inashughulikia zote mbili. Kuna lodi zina na tundu la mtandao pia, hapo unaongea nayo kwa soketi ya kawaida, mara nyingi poti 5025, Rigol wanatumia 5555, na uzuri wa waya wa mtandao ni kwamba una transfoma ndogo ndani zinazotenganisha umeme wa pande mbili, jambo ambalo USB yenyewe haina mpaka mtengenezaji aliongeze, nitalirudia hili chini maana limenigharimu.

Ukishaipata poti, unaongea lugha gani? Vifaa vingi vya miaka ya karibuni vinaongea SCPI, lugha ya maandishi ya kawaida iliyokubaliwa mwaka 1990. Amri ya kwanza siku zote ni ya kuuliza jina:

*IDN?

Lodi inajibu mtengenezaji, modeli, namba yake na toleo la programu ya ndani. Ikijibu hiyo umeshamaliza nusu ya kazi. Isipojibu angalia kasi ya mawasiliano kama inalingana pande zote mbili, mara nyingi 9600, halafu angalia kama unamalizia amri na alama ya mstari mpya, bila hiyo lodi inakaa inasubiri umalize sentensi. Baada ya hapo mazungumzo yenyewe ni mafupi tu:

SYST:REM
FUNC CURR
CURR 5
INP ON
MEAS:VOLT?
MEAS:CURR?
INP OFF

Yaani: nakuchukua mimi, kaa kwenye mkondo usiobadilika, ampea 5, anza kula, niambie volti, niambie mkondo, acha. Maneno yanatofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, Rigol kwa mfano wanaandika :SOUR:INP:STAT ON badala ya INP ON, kwa hiyo usinakili ya kwangu ukanilaumu, fungua kitabu chako. Na kila baada ya amri chache tuma SYST:ERR? ujue kama imekukatalia kitu, maana SCPI ikikosea haipigi kelele, inaandika kosa ndani na kunyamaza. Nimeshaona mtu anapima nusu siku akidhani yuko ampea 10 kumbe amri yake ilikataliwa tangu asubuhi na lodi imebaki na ampea 1 ya jana.

Kama yako ni ya kizamani haiongei SCPI, utakutana na pakiti za baiti. Zile 8500 nilizotaja, kila amri ni baiti 26 kamili, hata kama ujumbe wako ni mfupi unajaza sifuri. Ya kwanza siku zote AA (kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16), ya pili anwani, ya tatu amri, ya mwisho ni jumla ya zile 25 za mwanzo ukichukua baiti ya chini tu. Tuitengeneze moja hapa tuone. Unataka ampea 5. Kizio chao ni sehemu ya kumi ya miliampea, kwa hiyo 5 inakuwa 50000, kwa heksa C350, na inaandikwa kinyume, ndogo mbele: 50 C3 00 00. Amri ya kuweka mkondo ni 2A. Pakiti inakuwa AA 00 2A 50 C3, kisha sifuri ishirini, na mwisho jumla, kwa namba za kawaida: 170 na 42 na 80 na 195 ni 487, toa 256 unabaki na 231, ambayo ni E7. Basi unamalizia na E7. Lodi ikikubali inarudisha pakiti ya amri 12 yenye 80 ndani yake, ikirudisha 90 jumla yako imekosewa, rudi ukahesabu. Kabla ya hiyo ulitakiwa uwe umetuma ile ya kuichukua, AA 00 20 01, sifuri, mwisho CB. Ukizoea haina shida, na inakufundisha adabu.

Kasi sasa, maana hapa ndo rafiki yako wa Arduino ana hoja kidogo. Kwa 9600 kila baiti inachukua kama milisekunde moja, pakiti ya 26 ni milisekunde 27 kwenda na 27 kurudi, ongeza muda wa lodi kufikiri, huwezi kuzidi maongezi kumi na kitu kwa sekunde. Kwa kupima ampea-saa hiyo ni kasi ya kupitiliza, betri ya asidi inashuka volti taratibu kama mtu anashuka ngazi na ndoo kichwani. Ukisoma kila sekunde 10 kwa masaa 20 unapata mistari 7200, inatosha na inabaki. Ila kama ungetaka kuiga pampu inavyowaka, mkondo uruke kutoka ampea 2 mpaka 25 ndani ya milisekunde moja halafu ushuke kwa umbo unalolitaka wewe, hapo dijitali ya kutuma amri moja moja haikufai, ndo unahitaji analogi au ile hali ya ndani ya lodi ya kuruka yenyewe kati ya viwango viwili.

Sasa lile la kusimama. Hapa nikueleze yaliyonikuta. Mteja mmoja aliniletea betri nne za jeli, nzuri, mimi nikaandika skripti safi kabisa: soma volti, ikifika 10.5 tuma INP OFF, maliza. Nikaiacha usiku nikaenda kulala. Saa nane kompyuta ikaamua kujisasisha ikajizima na kujiwasha, skripti ikafa, ila lodi haikujua kama mimi sipo, iliambiwa ampea 5 ikaendelea kula ampea 5 kwa uaminifu wote. Asubuhi nakuta betri ina volti 3 na kidogo. Nilimlipa mteja betri. Nilichojifunza sikukisoma kwenye kitabu, nilikilipia.

Kwa hiyo kwako: ingia kwenye menyu ya lodi utafute volti ya kukatia. Lodi nyingi zina hali ya kupima betri ambayo unaweka volti ya mwisho na lodi inajizima yenyewe ikiifikia, nyingine zinaiita Voff, na nyingi zina saa ya ndani pia, unaiambia ukishakula masaa 21 jizime hata iweje. Weka vyote viwili. Kwa betri ya asidi ya volti 12 volti ya mwisho ni 10.5, kwa lithiamu fosfeti ya seli nne mimi naweka 11.2 ambayo ni 2.8 kwa seli, kitabu kinaruhusu kushuka zaidi ila betri si yangu. Skripti nayo iwe na kikomo chake juu kidogo, mfano 10.55, ili kawaida skripti ndo imalize kistaarabu na kikomo cha lodi kibaki cha siku mbaya. Halafu fyuzi karibu kabisa na nguzo ya betri, si karibu na lodi, karibu na betri, na kama una uwezo weka kontakta ya DC yenye kitufe chekundu. Ya DC nimesema, ile ya AC ya kwenye mota ukiikatia nayo DC cheche inaweza isizimike.

Na jambo dogo linalochanganya watu: ukishatuma SYST:REM vitufe vya mbele vinafungwa. Mtu anaona moshi anakimbilia kubonyeza ON/OFF haitiki, anadhani lodi imekufa. Kuna kitufe cha LOCAL, au SHIFT pamoja na kingine, ndo kinakurudishia. Ujue kilipo kabla ya siku ya moshi.

Haya, EXT PROG. Sikatai kwamba ni rahisi, waya mbili tu. Unaleta volti 0 mpaka 10 na lodi inakula 0 mpaka ampea zake zote, kwa hiyo kwako volti 1 ni ampea 3. Lodi nyingine ni 0 mpaka 5, angalia, ukikosea hapo unapata mara mbili ya ulichotaka. Na angalia pia masafa uliyochagua kwenye menyu, kama lodi iko kwenye masafa madogo ya ampea 3 basi ile 10 yako ni ampea 3 na si 30. Shida inaanza kwa Arduino. Ile amri ya analogWrite ya Arduino Uno haitoi volti ya analogi, ni umeme unaowaka na kuzima kama mara 490 kwa sekunde, ukiupeleka hivihivi lodi itajaribu kuufuata na betri itakuwa inapigwa makofi. Ukiuchuja kwa rezista na kapasita unapata volti tulivu ila unaishia volti 5, nusu ya uwezo, na ukiizidisha mara mbili kwa opampu ufike 10 ngazi ni 256 tu, ampea 30 gawa kwa 255 ni karibu 0.12 kila ngazi, yaani huwezi kuweka 5.00, utapata 4.94 au 5.06.

Basi watu wananunua kidude cha MCP4725, DAC (kinachogeuza namba kuwa volti) ya biti 12, ngazi 4096, bei yake ndogo. Kizuri. Ila sikiliza hili: kile kidude kina kumbukumbu ndani, kikipata umeme tu kinatoa thamani iliyo kwenye kumbukumbu kabla Arduino yako haijasema neno, na kutoka kiwandani thamani hiyo ni ya katikati. Ukikipa volti 5 kinatoa 2.5. Ukiwa umeweka opampu ya kuzidisha mara mbili ili ufike 10, inakuwa 5, na lodi yako inaanza na ampea 15 hapohapo, kila umeme ukikatika na kurudi. Kwenye betri ya ampea-saa 100 si msiba, kwenye kibetri cha taa ni msiba. Kabla hujakiunganisha andika sifuri kwenye kumbukumbu yake mara moja, maktaba nyingi zina amri ya hilo. Na weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya pini mbili za EXT PROG ili waya ukichomoka volti ishuke sifuri, isiachwe inaelea. Kelele nayo: milivolti 10 tu zilizookotwa na waya ni miliampea 30 za uongo, kwa hiyo waya wa kusokota wenye ngao, na ngao unaifunga upande mmoja tu.

Hayo yote yanatibika. Lisilotibika kirahisi ni graundi. Kwenye lodi nyingi ile minus ya EXT PROG si minus ya peke yake, imeungana ndani na terminali nyeusi kubwa, minus ya betri unayoipima. Ithibitishe mwenyewe sasa hivi: lodi imezimwa, betri imetolewa, maltimita kwenye mlio, ncha yake moja kwenye minus ya EXT PROG nyingine kwenye terminali nyeusi. Ikilia, jua kwamba Arduino yako, na laptopu iliyounganishwa nayo kwa USB, na kama chaja yake ina pini ya ethi basi mpaka ethi ya nyumba nzima, vyote vimefungwa kwenye minus ya betri ya mteja.

Betri moja mezani haina neno. Lakini chukua benki ya volti 24, betri mbili mfululizo, ziko kwenye fremu na minus ya benki imefungwa ethi kupitia inverta, na wewe hutaki kuzifungua, unataka kupima ya juu peke yake. Minus ya ile betri ya juu iko volti 12 juu ya ethi. Umefunga hapo terminali nyeusi ya lodi, lodi imefungwa na Arduino, Arduino na laptopu, laptopu na ethi. Umepiga shoti betri ya chini kupitia waya wa USB. Mimi nilifanya hivyohivyo, kwenye duka la watu, kebo ikawa laini kama tambi na tundu la USB la laptopu halijafanya kazi tena mpaka leo. Betri haina huruma, ampea mia kadhaa zinatoka bila kuulizwa. Siku hizi kama lazima nitumie analogi naweka aizoleta, kifaa cha kutenganisha umeme wa pande mbili, kati yake, au naendesha Arduino kwa betri yake yenyewe na inaongea na mimi kwa bluetuthi, haina waya hata mmoja unaoenda ethi. USB ya lodi kwa kawaida imetenganishwa ndani kwa optokapla, ila usiamini, pima kwa mlio vilevile, gamba la USB na terminali nyeusi. Ikilia nunua aizoleta ya USB kabla ya kebo.

Kwa hiyo analogi ni ya nani? Ni ya mwenye PLC, ile kompyuta ya kuendeshea mitambo, inayotoa 0 mpaka 10 tayari, ya mwenye jenereta ya mawimbi anayetaka kuiga mkondo wa mota, ya mwenye lodi mbili anazotaka zifuate amri moja, unagawa volti moja kwa zote mbili na kila moja inabeba nusu. Si ya fundi anayepima ampea-saa. Ila I MON itumie, hiyo haiamuru kitu, inatoa tu volti inayolingana na mkondo, mara nyingi 10 kwa ampea zote, ukiweka maltimita hapo unajua kama namba inayokuja kwenye USB ni ya kweli. Ukiona 1.67 na laptopu inasema 5.0, mko pamoja. Graundi yake ni ileile lakini, tahadhari ileile.

SENSE usiiache. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye mita moja na nusu kwenda na moja na nusu kurudi una kama omu 0.021. Kwa ampea 5 unapoteza volti 0.1, kwa ampea 20 unapoteza 0.42, na lodi inasoma mwisho wa waya, haisomi betri. Kwa ampea 20 lodi itaona 10.5 wakati betri bado ina 10.9 na itakata mapema, mteja anaambiwa betri yake imechoka kumbe waya ndo umechoka. Peleka nyaya mbili nyembamba kutoka SENSE mpaka kwenye nguzo zenyewe za betri, chini ya nati tofauti na zile nene kama inawezekana, halafu washa hali ya SENSE kwenye menyu, wengi wanafunga waya na kusahau kuiwasha. Usigeuze plus na minus.

Kwenye skripti yenyewe nina mawili tu. Kila mstari ukiuandika kwenye faili ulazimishe uende diski palepale, usisubiri, maana umeme ukikatika yale yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yanaondoka. Na weka muda kamili kwenye kila mstari, saa na sekunde, usihesabu tu mistari ukadhani kila mmoja ni sekunde 10, USB ikichelewa hesabu yako ya ampea-saa inadanganya. Kila mstari unazidisha mkondo na sekunde zilizopita kweli, gawa 3600, jumlisha. Umeme ukikatika katikati lodi inazima, betri inapumzika, volti inapanda yenyewe, ukiendelea kutoka pale utapata ampea-saa za zawadi ambazo mteja hatazipata akiwa kazini. Mimi nikiona pengo la zaidi ya dakika chache nachaji upya naanza upya, au naweka lodi na laptopu kwenye UPS, lodi yenyewe haili umeme mwingi wa ukutani, ule moto mwingine ni wa betri. Na cheki menyu lodi inaamkaje umeme ukirudi, iweke iamke ikiwa OFF.

Ampea-saa 100 iliyoandikwa kwenye betri ya asidi kwa kawaida ni ya masaa 20, yaani ampea 5 mpaka 10.5 kwenye joto la nyuzi 25. Ukiivuta kwa ampea 20 utapata pungufu hata kama ni mpya kabisa, usimtishe mteja kwa hilo. Wati zako 300 zinaruhusu 20 kwa volti 13, ni wati 260 na feni itapiga kelele, ila kwa cheti unachompa mtu nenda na 5, si umeshaacha kukesha. Ichaji ijae, iache masaa machache, anza jioni. Asubuhi ukikuta faili limeishia saa ya 13 na dakika chache, hapo ni ampea-saa 65, na volti za mwisho zimeporomoka ghafla badala ya kuteleza, kuna seli moja iliyotangulia wenzake, toa vifuniko kama ni ya maji upime kila seli kwa haidromita kabla hujamwambia anunue mpya.